Mtoto wa Nani? Asili Iliyofichika katika Masimulizi ya Embu na Meru

Kila hadithi itolewayo kwa mafungu ina nguvu moja ambayo hadithi iliyokwisha kutimia haina: huwaacha wasomaji wake na njaa. Fungu la leo hukoma mahali pabaya, na mpaka fungu la juma lijalo lifike wasomaji hawana la kufanya ila kukisia. Nao katika mambo yote wayakisiayo, hapana liwashughulishalo zaidi ya nasaba. Mtu akiingia hadithini bila baba, wasomaji hawamwachi hivyo. Watazitazama nywele zake, wataipima pua yake, watalikumbuka neno moja lililosemwa na mzee fulani katika toleo la mwaka juzi, kisha watatamka kwa yakini kama ya karani wa vizazi: huyu ni mwana wa yule.

Tabia hii si ya leo. Desemba 1860 Charles Dickens wa Uingereza alianza kuchapa hadithi yake Great Expectations kwa mafungu ya kila juma katika gazeti lake mwenyewe, na fungu la mwisho likatoka Agosti 1861. Ndani yake mna msichana aitwaye Estella, aliyelelewa na bibi tajiri, wala hajulikani amezaliwa na nani. Wasomaji walingoja kwa miezi kabla ya kuambiwa kuwa baba yake ni mhalifu aliyefungwa akapelekwa Australia. Karne iliyofuata kazi hiyo ya kuwaweka watu roho juu ilichukuliwa na hadithi za picha. Huko Marekani, mwaka 1964, walitokea katika hadithi za X-Men ndugu wawili, Wanda na Pietro, wasio na wazazi wanaojulikana. Mwaka 1974 walipewa baba na mama. Baadaye wazazi hao wakakanushwa. Mwaka 1983 wakapewa baba mwingine, naye ni Magneto, adui mkuu wa hadithi nzima, ambaye nywele zake nyeupe zafanana na za Pietro. Mwaka 2014 ikatangazwa kuwa hata huyo si baba yao. Nusu karne ya nasaba, na kila mara aliyeibadili alikuwa mwenye duka.

Kwetu Kenya Edward Gitau alimchora Juha Kalulu katika gazeti la Taifa Leo kwa miongo mingi, nami sijapata kusikia mtu akiuliza baba yake Juha ni nani. Mjinga hana haja ya nasaba. Shujaa ndiye aulizwaye.

Sasa, hadithi zetu za kale hazina mwenye duka. Pande za mashariki za Mlima Kenya, tangu Embu na Mbeere hata Chuka, Mwimbi, Imenti, Tigania na Igembe, zilisimuliwa hadithi kwa mafungu kabla ya kalamu kufika. Mzee alisimulia kipande usiku karibu na moto, akakiacha hapo usingizi ulipowakamata watoto, na kipande kingine kilingoja usiku mwingine, au kinywa cha mzee mwingine. Katika hadithi hizo swali la nasaba limo, tena ndilo shina. Tofauti ni kwamba hapa anayeulizwa baba yake si mtu mmoja wa kubuniwa. Ni taifa zima la watu, lenye mashamba, ng'ombe, na majirani wanaosikiliza jibu kwa makini.

Tuanze Embu. Waulize wazee wa huko watu wao walianza na nani, nao watakutajia Mwenendega. Karibu na mji wa Runyenjes pako mahali pa miti paitwapo kwa jina lake mpaka leo, kichaka kilichoheshimiwa kisikatwe huku mashamba ya watu yakikizunguka. Hapo, yasimuliwa, ndipo alipokaa. Alikutana na mwanamke mzuri penye maji, akamwoa, wakapata watoto na mali. Na wako wasimulizi wanaolitoa jina la Embu katika jina la mtoto wao mmoja, Kembu.

Mwenendega mwenyewe ni mwana wa nani? Masimulizi mengine husema aliwekwa hapo na Mungu, basi, na msikilizaji akome kuuliza. Lakini koo nyingine za Embu husema zilitoka mbali, pande za Meru, na mtu aliyetoka mbali hana budi kuwa na baba aliyemwacha huko. Majibu mawili hayo hayakai pamoja kwa urahisi. Na bado utawasikia yote mawili katika kijiji kimoja, na pengine katika kinywa kimoja.

Mimi, hata hivyo, huvutwa zaidi na yule mwanamke. Katika masimulizi niliyoyasikia hatajwi baba yake, wala mama, wala ukoo, wala nyumba aliyotoka. Tafakarini jambo hili, enyi wanafunzi. Wasimulizi hawa ni watu ambao kwao ndoa haikuwa ndoa mpaka mbuzi, ng'ombe na pombe vimepelekwa kwa wazazi wa msichana. Msimulizi wa Kiembu aweza kusahau rangi ya ng'ombe, lakini kumsahau mkwe? Mahari isiyolipwa ni deni lisilozeeka. Basi pengo hili si la usahaulifu. Ama hadithi yataka kutuambia kuwa mwanamke huyu si wa wanadamu wa kawaida, ama kuna mkwe ambaye watu wa kale hawakutaka kumtaja.

Twaweza kukisia, maana kukisia si dhambi mradi kiitwe kwa jina lake. Watu wote wa mlima huu, Wagikuyu, Waembu, Wachuka na Wameru, wana habari za watu waliowatangulia, wawindaji wa msituni waitwao Gumba, ambao mashimo ya makao yao yameonyeshwa mahali pengi. Watu waliotangulia ndio waliojua chemchemi na mabwawa. Mgeni akikuta mwanamke penye maji, akamwoa, na watoto wao wakawa wenye nchi, yawezekana kuwa hadithi yatueleza kwa upole jinsi wakulima wageni walivyochanganya damu na wenyeji, kisha wakawasahau wakwe zao pamoja na haki zao. Hili siwezi kulithibitisha. Lakini laonyesha namna ambavyo msomaji wa historia hutofautiana na msomaji wa hadithi za picha: wote wawili hulitazama pengo, ila wa kwanza huuliza pia nani alipata faida kwa pengo hilo kuachwa wazi.

Hadithi ya Meru ni ndefu zaidi, na ni tajiri zaidi. Yaanza mahali paitwapo Mbwaa, kando ya maji makubwa. Hapo wazee wa Wameru waliishi utumwani chini ya watu walioitwa Nguo Ntune, yaani watu wa nguo nyekundu. Mabwana hao waliwapa kazi zisizowezekana, na aliyeshindwa aliadhibiwa. Walitakiwa walete viatu vya ngozi vyenye manyoya pande zote mbili. Walitakiwa walete mbwa mwenye pembe. Walitakiwa wamlete ndama atoaye mavi meupe. Walitakiwa wafue mkuki mrefu wa kufika mbinguni. Walikuwa na kiongozi mwenye hekima, aitwaye Koomenjue katika masimulizi mengi, na wengine humwita Mugwe tu, jina la cheo cha mbarikiaji wa watu. Kwa hila zake baadhi ya kazi zilitimizwa. Mbwa, mathalani, alifungwa pembe za digidigi kichwani. Mwishowe watu wakaona kuwa kazi hazitaisha mpaka wao waishe, wakatoroka usiku. Walipofika kwenye maji, maji yakawapisha. Waliovuka gizani wakawa ukoo mweusi, Njiru. Waliovuka alfajiri wakawa wekundu, Ntune. Waliovuka jua likiwa limetoka wakawa weupe, Njeru. Kisha wakasafiri kwa miaka mingi mpaka wakaufikia mlima.

Tazameni jinsi hadithi hii ianzavyo. Yaanza utumwani, kama shujaa wa kitabu anayefunguliwa ukurasa wa kwanza akiwa tayari yatima. Kabla ya Mbwaa hapana kitu. Baba yao Wameru ni nani, walifikaje huko, mabwana wa nguo nyekundu walikuwa watu gani, hayo yote yameachwa kwa wasikilizaji. Nao wasikilizaji hawakulala.

Wengine walisikia jina la Meru wakalikumbuka Meroe, mji wa kale wa Sudan, wakawafanya Wameru kuwa wana wa wafalme wa mto Naili. Makisio ya namna hii yana raha yake, lakini msingi wake ni mlio wa neno tu. Mwenye kutaka kuona hatari yake na aende Tanzania, kwenye mlima Meru karibu na Arusha, akawakute Wameru wengine kabisa. Jina ni lile lile. Lakini lugha yao, Kirwa, ni ya jamii ya Kichaga, wala si ya jamii ya Kimeru cha Kenya. Ikiwa majirani wawili wa Afrika Mashariki waweza kuitwa jina moja bila kuwa na baba mmoja, sembuse mlima wa Kenya na jangwa la Sudan.

Wengine walisikia utumwa, kiongozi mwenye hekima, na maji yaliyopisha, wakasema: hiki ni kitabu cha Kutoka, Musa na Bahari ya Shamu, kilicholetwa na wamisionari. Wamisionari wa Kimethodisti na wa Konsolata walifika Meru katika miaka ya 1910, na kweli wasimulizi husikia, na wakisikia huchukua. Lakini Biblia haina mbwa mwenye pembe. Haina viatu vya manyoya pande mbili. Zaidi ya hayo, mgawanyo wa rangi tatu si pambo lililobandikwa juu ya hadithi. Umesukwa ndani ya koo zenyewe, na watu hawaugeuzi ukoo wao kwa sababu ya mahubiri ya Jumapili moja. Yawezekana kuwa Musa alimwongezea Koomenjue fimbo, lakini sidhani kuwa alimzaa.

Kisha kuna neno moja dogo katika hadithi ambalo kwangu lina uzito kuliko fimbo. Wazee husimulia kuwa maji ya Mbwaa yalikuwa na desturi ya kwenda na kurudi, na kwamba yaliporudi yalikula majani. Mtoto wa pwani akisikia hivyo atacheka, maana ayajua: ni maji kujaa na maji kupwa. Lakini Tigania na Igembe ni nchi ya milima, mbali na bahari kwa zaidi ya kilomita 300. Mito yake huteremka, hairudi. Mtu aliyezaliwa na kufa hapo hawezi kulibuni jambo hili kutoka kichwani mwake. Ama aliliona mwenyewe, ama babu yake aliliona, ama aliambiwa na mtu aliyeliona.

Hapo ndipo makisio yalipoanza kushika njia ya pwani. H. E. Lambert, aliyekuwa Mkuu wa Wilaya huko Meru katika miaka ya 1930, na ambaye baadaye alisifika kwa uchunguzi wake wa lahaja za Kiswahili, aliamini kuwa watu wa mlima walitoka pwani. Padre Bernardo Bernardi wa Konsolata, katika kitabu chake juu ya Mugwe kilichotoka 1959, aliziandika habari za Mbwaa kama wazee walivyomweleza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mmarekani Jeffrey Fadiman alitembea kwa wazee wa Meru kukusanya masimulizi, naye akaitafuta Mbwaa katika visiwa vya Lamu, pande za Manda. Wasomaji wa ramani huongeza kuwa katika kisiwa cha Pate uko mji uitwao Mbwajumwali. Na Manda yenyewe ina mahame ya Takwa, mji wa Waswahili uliokaliwa tangu miaka ya 1500 hivi mpaka karibu na 1700, kisha ukaachwa. Mwaka 1698 ndio Wareno walipoipoteza Ngome ya Yesu ya Mombasa mikononi mwa Waarabu wa Omani. Enzi hiyo pwani nzima ilikuwa na mabwana waliobadilishana, na kila mmoja alikuwa na nguo zake. Watu wa nguo nyekundu wamedhaniwa kuwa Waarabu, wakadhaniwa kuwa Wareno. Nami sioni kwa nini wasiwe Waswahili wenyewe, watu wa miji ile ile ambayo utenzi wa Fumo Liyongo hutaja fitina zake. Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tusiharakishe kujitoa katika orodha ya washukiwa.

Lakini shahidi mmoja hakuitwa bado, naye ni lugha. Kimeru, pamoja na lahaja zake nyingi, ni ndugu wa Kiembu, Kigikuyu na Kikamba. Undugu huo ni wa karibu hata mtu wa Mwimbi na mtu wa Embu hupita wakisikilizana, na Kichuka kimekaa katikati kama daraja. Lugha haziwi ndugu namna hiyo kwa kukutana juzi. Zimekaa pamoja, zikakua pamoja, kwa karne nyingi, hapo hapo kuuzunguka mlima. Kama Wameru wote wangalifika kutoka Manda baada ya 1700, lugha yao ingalipaswa kufanana na lugha za pwani kuliko Kigikuyu, na haifanani hivyo. Godfrey Muriuki, katika historia yake ya Wagikuyu iliyotoka 1974, aliigeuza njia yenyewe: kwake, nchi ya Tigania na Igembe ndiyo mahali ambapo mababu wa watu wa mlima walitawanyika kuelekea kusini na magharibi, zamani kuliko tarehe za Mbwaa zinavyoruhusu.

Je, maji kujaa na kupwa yasema uongo, au lugha yasema uongo? Kwa maoni yangu hapana mwongo. Kundi dogo la watu laweza kutoroka pwani likapanda na mto mpaka mlimani. Likikuta wenyeji wengi, baada ya vizazi viwili litasema lugha ya wenyeji. Lakini hadithi yake, kama ni nzuri, yaweza kufanya kinyume: wenyeji wataichukua. Nani asingetaka kuwa mwana wa watu waliomshinda bwana kwa akili na kuipasua bahari? Ndivyo wachache waliotoka Mbwaa walivyoweza kuwapa watu wengi baba wasiokuwa naye mwanzo. Damu ilikwenda upande mmoja, na hadithi ikarudi upande wa pili. Jambo hili lieleza pia kwa nini si kila mtu wa nchi hiyo hulisimulia kwa moto ule ule. Kadiri unavyoteremka kusini kuelekea Embu, ndivyo Mwenendega anavyokuwa mkubwa na Mbwaa inavyokuwa ndogo.

Mpaka hapa mtaona kuwa ni mazungumzo ya jioni, yasiyomdhuru mtu. Lakini nasaba ina siku yake ya kwenda mahakamani.

Waingereza waliishika Embu kwa nguvu mwaka 1906, na mwaka 1908 wakaweka kituo chao Meru. Katika mambo waliyoyaleta, kubwa lilikuwa karatasi ya mpaka. Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoongozwa na Morris Carter iliundwa 1932 ikatoa taarifa yake 1934, na Embu na Meru zikawekwa katika fungu moja la ardhi lililopewa jina la Wagikuyu. Basi Mwembu aliyelala mwana wa Mwenendega aliamka, katika vitabu vya serikali, akiwa chumba katika nyumba ya mwingine. Hakuulizwa.

Kisha ukaja mpango wa Swynnerton wa 1954, wa kupima mashamba na kuwapa watu hati. Mpango huo ulianza kwenye nchi za juu zenye mvua, na baada ya Uhuru ukateremka nchi kavu. Sheria ya 1968 ya kuamua haki za mashamba ndiyo iliyoifikisha kazi hiyo Mbeere, nchi tambarare ya joto iliyo chini ya Embu. Huko ardhi ilikuwa pana, watu wachache, na shamba lilihamishwa mvua zilipohama. Ukoo, muviriga kama waitwavyo kwa lugha ya huko, ulikuwa jambo la ndoa na la kisasi na la sadaka. Mtu hakuhitaji kumjua babu wa babu yake ili apande wimbi. Ghafla alihitaji. Kamati ziliketi chini ya miti, wazee wakaitwa, na swali likawa lile lile la wasomaji wa hadithi za picha, ila sasa kalamu ya karani ilikuwa tayari: wewe ni mwana wa nani, naye wa nani, naye alifyeka msitu huu lini?

Jack Glazier, Mmarekani aliyekaa Mbeere wakati huo na baadaye akaandika kitabu kilichotoka 1985, alionyesha yaliyofuata. Watu waliokuwa wakijihesabu kuwa jamaa wachache walianza kutafuta jamaa wa mbali. Koo ndogo ziliungana zikawa kubwa, kwa sababu kesi yataka mashahidi wengi na fedha nyingi, na mbuzi wa mtu mmoja hawatoshi kuiendesha. Babu ambaye jana hakutajwa na mtu alionekana leo kuwa na wana watatu, na kila mwana ana kizazi, na kila kizazi kimeleta mchango wake wa kesi. Kwa upande mwingine wako waliogundua kuwa jirani yao wa miaka yote, aliyekula nao na kuzika nao, hakuwa wa ukoo kumbe. Baba yake alikuwa mpangaji tu, mgeni aliyekaribishwa.

Hebu mfikirieni huyo wa mwisho. Alizaliwa hapo. Kaburi la mama yake li hapo. Wala hakuna aliyemwambia lolote la asili yake mpaka siku ile shamba lilipokuwa na thamani ya benki. Siri ya nasaba katika hadithi ya picha humfanya mtoto yatima kuwa mwana wa mfalme. Siri ya nasaba mbele ya kamati ya ardhi ilimfanya mwana wa nyumbani kuwa mgeni. Naye hakuwa na toleo la juma lijalo la kulingoja.

Msidhani kuwa wazee wale wote walikuwa waongo. Wengi wao, nadhani, waliamini walichosema. Masimulizi ya kinywa yana ukunjufu wake: babu aweza kurefushwa au kufupishwa, ndugu wa kunywa damu aweza kuwa ndugu wa tumbo baada ya vizazi vitatu, na hapana aonaye vibaya kwa kuwa watu wanaishi kwa amani na hadithi yafuata maisha yao. Karatasi ndiyo iliyoukaza ukunjufu huo. Ilichukua namna moja ya kusimulia, ya siku moja, mbele ya kamati moja, ikaifanya kuwa ya milele. Hapa ndipo napenda kulitaja jina la H. S. K. Mwaniki, aliyewaendea wazee wa Embu na Mbeere katika miaka hiyo hiyo akaandika waliyoyasema, kwa ajili ya historia na si kwa ajili ya kesi. Kitabu chake cha historia kilitoka 1973, na mwaka uliofuata akatoa maneno yenyewe ya wazee. Mwanafunzi akifungua kitabu hicho cha pili ataona kuwa wazee hawakubaliani, na kwamba mwandishi aliwaacha wasikubaliane. Kazi hiyo yataka uvumilivu kuliko kutunga hadithi moja laini.

Siasa nayo haikukaa nyuma. Mwaka 1971 kilianzishwa chama cha GEMA, ambacho herufi zake ni za Gikuyu, Embu na Meru. Kilifanya biashara, kikanunua mashamba, na kikawa na nguvu kubwa nchini mpaka kilipovunjwa 1980 pamoja na vyama vingine vya kikabila. Watu watatu walihitaji kuitwa ndugu, na ndugu hawana budi kuwa na baba mmoja. Wagikuyu tayari walikuwa na wazazi wanaojulikana duniani, Gikuyu na Mumbi, ambao Jomo Kenyatta aliwaandika katika kitabu chake cha 1938; nao binti zao, ambao ndio mashina ya koo za Wagikuyu, wana majina na idadi. Kati yao hakuna aliyemzaa Mwenendega. Hakuna aliyevuka maji usiku na Koomenjue. Hata hivyo kwenye majukwaa ya siasa maneno nyumba ya Mumbi yalitandazwa mpaka yakafika Igembe, na watu wakapigiwa makofi kwa kuwa wana wa mama ambaye nyanya zao hawakumtaja.

Sisemi kuwa undugu huo ni wa uongo. Lugha, tulikwisha kuona, yautetea kuliko hadithi zinavyoutetea, na watu hawa wameoana na kufanya biashara tangu zamani. Nasema tu kuwa waliouhubiri hawakuutafuta katika lugha. Waliutafuta katika nasaba, kwa kuwa nasaba huamuru, na lugha hueleza tu. Ukimwambia mtu kuwa maneno yake yanafanana na ya jirani, atasema vyema. Ukimwambia kuwa jirani ni kaka yake mkubwa, atauliza urithi umegawanywaje. Swali hilo la urithi ndilo lililosikika tena baada ya Katiba ya 2010, Embu, Tharaka-Nithi na Meru zilipokuwa kaunti zenye magavana wao. Kila uchaguzi unapokaribia husikika sauti za upande wa mashariki wa mlima zikiuliza kwa nini katika nyumba hii moja mtoto wa magharibi ndiye akaaye kitini siku zote. Nao waulizao hivyo hukumbuka upesi kuwa wao wana hadithi yao.

Maana Mbwaa haimo katika hadithi ya Gikuyu na Mumbi, wala mkuyu wa Mukurwe wa Nyagathanga haumo katika hadithi ya Koomenjue. Aliyetaka kuwaweka ndugu hao chini ya paa moja alilazimika kuiacha hadithi moja nje ya mlango. Na ile iliyoachwa nje, kila mara, ilikuwa ya yule aliyekaa mbali zaidi na Nairobi.